Usiku wa gala melini: taksido, suti, bleza au kanzu?

Ikikaribia miezi ya likizo simu yangu haipoi. Binamu yangu wa Leicester, jamaa niliyesoma naye Mombasa sasa yuko Houston, mzee mmoja wa Dubai ambaye wanawe wamemkatia tiketi ya meli ya kitalii, wote swali ni lile lile: "We si ulifanya kazi melini, ile siku ya kuvaa rasmi mwanaume anavaa nini?" Na mimi kila mtu namjibu jibu lake, afu wakikutana kwenye harusi wanalinganisha, wanaona nimewaambia vitu tofauti, wananirudia kuuliza sasa tushike lipi. Kila mmoja ashike lake, manake safari zenu si moja na meli zenu si moja.

Mimi nilikuwa weita kwenye ukumbi wa chakula miaka 6, na tangu niache kazi hiyo nimepanda mara tatu kama abiria na mke wangu. Kwa hiyo ule mlango wa daininga naujua pande zote mbili, nimesimama ndani na menyu mkononi nikitazama watu wakiingia, na nimesimama nje kwenye foleni na tai shingoni. Haya ninayoandika yametoka hapo.

Huo usiku wenyewe ukoje

Safari ya siku 7 kwa kawaida ina usiku mmoja au miwili wa kuvaa rasmi, ndio huo wa gala. Mara nyingi hauwi usiku wa kwanza, kwa sababu siku ya kupanda masanduku yanachukuliwa na wapagazi bandarini na mengine yanafika kabini usiku umeshaingia, basi kampuni nyingi wanaupanga siku ambayo meli iko baharini tu, haitii nanga popote, watu wapate kujitayarisha kwa nafasi. Jioni hiyo wapiga picha wa meli wanajipanga na mapazia yao karibu na ngazi kubwa, kapteni na maafisa wake wanatokea kusalimia watu, na menyu nayo inapanda daraja, meli nyingi kambakoche huwa anatoka usiku huo.

Hapa ndipo watu wanapopotea, wanasikia "meli" wanadhani zote ni moja. Kwenye kampuni za meli, Cunard ndio wakali. Ile Queen Mary 2 inayovuka Atlantiki kati ya Southampton na New York, safari ya usiku 7, siku ya gala ikifika saa kumi na mbili jioni sehemu kubwa ya meli inamtaka mwanaume awe kwenye taksido au suti ya rangi ya giza na tai, na ukija vingine utaelekezwa kwa upole sehemu za kawaida. P&O ya Uingereza nao wana usiku wao wa kuvaa rasmi, Princess pia wanao, safari ya wiki moja mara nyingi unakuja mara mbili. Royal Caribbean na Carnival wanauweka lakini wamelegeza, Carnival kwa mfano safari ya siku 6 kwenda juu ina usiku miwili wanaouita Elegant na shati la heshima na suruali nzuri vinakuingiza. Norwegian tangu walipoanza mtindo wao wa Freestyle mwaka 2000 hawamlazimishi mtu. Celebrity mwishoni mwa 2015 waliondoa usiku wa rasmi wakaweka wanachokiita Evening Chic, yaani nadhifu bila kulazimishwa tai. Viking za baharini hazina kabisa. Virgin wana usiku wa watu kuvaa nyekundu, hiyo ni habari nyingine.

Na sheria hizi wanazibadilisha, kwa hiyo kabla hujanunua hata soksi fungua ukurasa wa bukingi yako, soma sehemu ya mavazi ya meli yako na ya safari yako. Usiniamini mimi kuliko tiketi yako.

Ntakavyopima

Kila vazi ntalipima kwa mambo manne, yale yale kwa yote. Mlangoni, yaani utapita bila kusimamishwa? Mfukoni, bei yake na utaivaa tena lini. Sandukuni, uzito na mikunjo. Na mwilini, manake utakaa nayo saa mbili mezani, baada ya hapo shoo, baada ya hapo pengine mama watoto anataka kucheza. Afu nitasema inamfaa nani.

Taksido

Tuanze na yenyewe. Koti jeusi au bluu ya usiku lenye ukosi wa satini, suruali yenye mstari wa satini ubavuni, shati jeupe, tai ya kipepeo, viatu vyeusi vinavyong'aa. Koti la kwanza la namna hii linatajwa mwaka 1865, fundi Henry Poole wa Savile Row, London, alimshonea Prince of Wales aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, alitaka koti fupi la kulia chakula cha jioni bila ule mkia wa nyuma, na jina la taksido likaja kutokea Tuxedo Park huko New York miaka ya 1880. Maana yake tangu mwanzo ilikuwa nguo ya kustarehe mezani, na ikishonwa kwa mwili wako haikubani kabisa. Inayobana ni ile iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Mlangoni hakuna meli itakayokurudisha, popote. Kwenye Cunard utakuta umezungukwa na wenzako, kwenye meli zilizolegeza pengine utakuwa wewe na wanaume wachache tu na jirani yako amekaa na fulana ya kola, hakuna atakayekucheka lakini ujue hivyo mapema usije ukashtuka.

Mfukoni ndipo pagumu. Mpya ya kitambaa kizuri ni pesa, na wengi wetu tunaivaa mara mbili kwa mwaka kama tumejaliwa. Ila taksido za mitumba ni kitu ninachowashauri sana walioko Uingereza, kwenye yale maduka ya hisani, kwa sababu aliyekuwa nayo naye aliivaa mara chache tu, unaikuta kama mpya. Yangu nilinunua pauni 45, nikampa fundi apunguze suruali na kuingiza kiuno kidogo, hadi leo naivaa. Kukodi nako kupo, na hapa nina la kusema. Safari yangu ya kwanza kama abiria nilikodi kwa kampuni iliyoahidi kuniletea mpaka kabini, na kweli waliileta, nikafungua ule mfuko meli imeshaondoka gatini, mabega mapana kupita yangu na mikono inafika kwenye vifundo vya vidole. Vipimo nilivyowatumia vilikuwa sahihi, ninavyo mpaka leo. Baharini hakuna pa kubadilisha. Mke wangu alikunja mikono kwa ndani akaishikiza kwa pini zake za mtandio, nikala hivyo hivyo, na pesa hawakurudisha. Ukitaka kukodi kodi duka la mtaani kwako, ijaribu, kaa kitini nayo, nyanyua mikono, afu ndio uiweke sandukuni.

Sandukuni inakula nafasi, hasa viatu ambavyo hutavivaa siku nyingine, na satini ikipata mkunjo unaonekana kutoka mbali. Mwilini, ndani ya daininga eesi ni kali kwa hiyo koti ni rafiki, lakini toka nalo deki ya juu Karibiani dakika kumi tu shati limeshika mgongo. Kwa joto la namna hiyo wengine wanavaa koti jeupe la jioni na suruali nyeusi, linapendeza mno, ila kuna usiku abiria mmoja aliyevaa hivyo alisimamishwa mara tatu na watu wakimwomba orodha ya vinywaji, alivumilia mara mbili, ya tatu akaenda kabini kubadilisha. Koti jeupe liandamane na ua kifuani au kitambaa cha rangi mfukoni, watu wajue wewe ni abiria.

Inamfaa mwenye safari yenye gala mbili au zaidi kwenye meli kali, mwenye kusherehekea jambo kubwa kama miaka 25 ya ndoa, na yule anayependa tu kuvaa. Kupenda kuvaa ni sababu tosha.

Suti ya rangi ya giza

Hii ndiyo wanaume wengi wanaivaa, hata kwenye meli kali. Mlangoni inapita popote mradi iwe ya giza kweli, nyeusi, bluu iliyokolea au kijivu cha makaa, na tai iwe shingoni. Ile suti ya rangi ya maziwa uliyovaa kwenye harusi ya ufukweni Diani ni nzuri lakini si ya usiku huu.

Mfukoni haina mpinzani. Pengine tayari iko kabatini, na ukirudi utaivaa kanisani, harusini, kwenye intavyu, msibani. Na kama unaanza safari kutoka nyumbani, suti za sufu za mitumba sokoni Kongowea, Mombasa, au Gikomba, Nairobi, unazipata kwa bei ya chini sana kuliko dukani, unachotakiwa ni kuwa na jicho la mabega, kwa sababu mabega fundi hawezi kuyatengeneza kirahisi, kiuno na urefu anaweza. Gala mbili si lazima suti mbili: usiku wa kwanza shati jeupe na tai ya kawaida, wa pili vaa tai ya kipepeo nyeusi na suti ile ile nyeusi, na kwa mbali hutatofautishwa na mwenye taksido.

Sandukuni mimi koti nalivaa kwenye ndege, linanipunguzia uzito kwenye zile kilo 23, na mfuko wake wa ndani unabeba pasipoti. Sasa msikilize hili la pasi, ni la nguo zote. Meli karibu zote zinakataza pasi na mashine za mvuke za kunyooshea nguo ndani ya kabini kwa sababu ya moto, ukija nayo inachukuliwa kwenye ukaguzi bandarini unarudishiwa mwisho wa safari. Baadhi ya meli zina chumba cha kufulia chenye pasi za abiria, Queen Mary 2 ni mojawapo, lakini siku ya gala saa kumi jioni foleni ya pale utadhani ni ya maji. Nyingine unapeleka nguo kwao wanakupigia kwa malipo. Ninachofanya mimi, sanduku likifika tu naitoa suti, naitundika bafuni, nafungua maji ya moto ya shawa robo saa mlango umefungwa, ule mvuke unalainisha sufu na asubuhi mikunjo mingi imekwisha. Polista haisikii hivyo, sufu inasikia.

Mwilini tatizo kubwa ni suti ya miaka ile. Mtu amenenepa, suti ni ya harusi yake ya 2009, anafunga kifungo kinalia. Sisi tuliokuwa tunahudumu, aliyekaa vizuri tulikuwa tunamjua kabla hajafika mezani, na haikuwa bei ya nguo. Ni mkono wa koti kuishia kwenye kifundo ili shati lichungulie kidogo, na suruali isirundikane juu ya viatu. Fundi anayamaliza yote hayo kwa jioni moja.

Inamfaa anayepanda kwa mara ya kwanza, asiyejua kama atapanda tena, mwenye sanduku moja, na mwenye bajeti iliyopangiwa mambo mengine.

Bleza na suruali

Hapa sitokaa sana. Mlangoni, meli zilizolegeza utapita bila wasiwasi na utakuwa umevaa kuliko wengi. Kwenye gala ya Cunard sheria inataja taksido na suti ya giza, bleza ya rangi moja na suruali ya nyingine iko ukingoni, pengine utapita kama ina tai na yote ni ya giza, pengine utaombwa, na mimi singependa mtu afanye jaribio hilo mbele ya mkewe aliyejipamba. Mfukoni ni rahisi na utaivaa kila mahali, na usiku mwingine wa kawaida melini bleza hiyo hiyo inafanya kazi juu ya shati bila tai, hiyo ndio faida yake kubwa, nguo moja safari nzima. Sandukuni ni nyepesi. Mwilini ndio starehe kuliko zote za koti. Jinzi hata ziwe nyeusi kiasi gani usiku huu ziache.

Inamfaa wa Carnival, Royal Caribbean na wenzao, na zile safari fupi za siku 3 au 4 kutoka Florida au Galveston.

Kanzu na koti

Hili swali huwa wananiuliza kwa sauti ya chini kama vile ni jambo la kuonea haya. Si la kuonea haya. Cunard kwenye maelekezo yao ya gala wanataja vazi rasmi la taifa kuwa linakubalika, na ndio hapo utaona Waskochi wamevaa kilti zao na Wafilipino barongi, wanapita kifua mbele. Kwa nini sisi tujikunje?

Baba mkwe wangu tulipompeleka alikataa suti katakata. Alisema, "Mimi nimeolea kanzu, nimeozea wanangu kanzu, leo mnivishe nguo ya watu nikale samaki?" Hatukubishana naye. Akavaa kanzu yake nyeupe yenye darizi shingoni, koti jeusi, kofia ya vito aliyoshonewa Lamu, ile ambayo ukiisogeza karibu na taa unaona vile vitundu vidogo vidogo vimezungushiwa uzi kimoja kimoja kwa mkono, kazi ya miezi. Tulipofika mlangoni mkuu wa daininga alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu, akainamisha kichwa, akamvutia kiti yeye mwenyewe. Na kijana aliyekuja kumimina maji, kumbe ni wetu, jagi mkononi akasema, "Shikamoo mzee." Mzee aligeuka haraka. "Marahaba mwanangu! Watoka wapi?" "Kisauni." Basi usiku ule mezani kwetu mkate haukukatika.

Sasa tupime kwa haki. Mlangoni inategemea vazi zima limekaaje. Kanzu peke yake yenye mikunjo na champali miguuni itaonekana ni nguo ya kulalia, kwa mtu asiyeijua hana namna ya kuelewa vingine. Kanzu iliyonyooka, koti la giza juu yake, kofia, viatu vya ngozi vya kufunika vilivyopigwa kiwi, hiyo inasomeka kuwa rasmi na mtu yeyote. Kwa Waganda hilo si geni, kanzu na koti ndio vazi la kwanjula, ile sherehe ya bwana harusi kutambulishwa ukweni. Walioko Oman na Ghuba wenye joho, vaeni, hakuna kitakachowafikia kwa haiba. Ila jambia liache nyumbani, hata likiwa la fedha na la urithi, ukaguzi wa bandarini ni silaha tu. Kama una wasiwasi na meli yako waandikie kabla, uliza kama vazi rasmi la taifa linaruhusiwa usiku wa gala, jibu lao liweke kwenye simu.

Kofia ya vito si kofia ya besiboli, ni sehemu ya vazi, huhitaji kuivua mezani. Nimewahi kumwona mzee akiivua kwa sababu ameona bango la "kofia haziruhusiwi", inaniuma kila nikikumbuka, manake bango lile halikumhusu.

Mfukoni, wengi tayari tunayo nzuri ya Idi. Sandukuni ni nyepesi kuliko zote lakini nyeupe haina siri, beba mbili, mchuzi mmoja tu wa nyanya jioni imekwisha. Kofia ndiyo ya kulindwa, usiikandamize chini ya viatu, iweke ndani ya bakuli la plastiki na uijaze soksi ili isipoteze umbo, nyumbani ina faroma yake ya kuishikia umbo lakini faroma hutaibeba. Mwilini kwa joto haina mfano, hewa inapita, unaweza kutoka deki usiku Karibiani au Ghuba ukasimama nusu saa. Vaa suruali nyeupe nyepesi au kikoi kizito ndani kwa ajili ya mwanga, na kwenye ngazi za ukumbi wa shoo ishike kidogo mbele, ngazi zile zina zulia na giza.

Kuna wanaoniuliza Kaunda suti. Ni nadhifu na rais mstaafu gani Afrika hakuwa nayo, lakini ni nguo ambayo hata bunge la Kenya Novemba 2023 Spika Wetang'ula aliipiga marufuku, sembuse mkuu wa daininga asiyeijua. Ya mikono mifupi utaonekana umetoka safari ya Tsavo. Ya mikono mirefu ya giza, meli zilizolegeza itapita vizuri. Wakongo wenye abakosti za wazee wao, zile suti za enzi za Mobutu zisizo na tai, ushauri ni huo huo, na kitambaa cha shingoni ndio kinaifanya iwe ya jioni.

Kanzu inamfaa anayeivaa kwa mazoea, mzee ambaye suti inamnyima raha, na yeyote anayetaka ile picha ya kwenye ngazi iwe ni yeye mwenyewe.

Kutovaa, yaani kwenda bafe

Na hili ni chaguo halali, msilidharau. Kila meli kubwa ina bafe iliyo wazi usiku huo huo, na kwenye Queen Mary 2 kuna Kings Court na baa ya Golden Lion ambako nguo za kawaida nadhifu zinatosha. Mlangoni hakuna wa kukuuliza, mfukoni ni sifuri, sandukuni ni sifuri, mwilini ni starehe. Unachokosa ni daininga, menyu ya usiku ule, na sehemu nyingi za muziki na dansi.

Inawafaa wenye watoto wadogo ambao saa mbili wameshalala, na mtu aliyekuja kupumzika kweli kweli. Lakini kaa na mwenzio muongee kabla hamjafunga masanduku. Nimeona zaidi ya mara moja mama kashuka ngazi na gauni lake refu, nywele kazitengeneza asubuhi nzima, na bwana yuko chini na kaptula anasema mimi nakula juu, we nenda. Wengine walikuwa wanakuja wenyewe mezani, wanaagiza supu tu, wanaondoka.

Sasa wewe uko wapi?

Unavuka Atlantiki na Cunard, mara ya kwanza, huna uhakika utarudi: suti nyeusi, mashati mawili, tai mbili za aina tofauti. Ukishaipenda, safari ya pili tafuta taksido ya mtumba.

Uko Texas au Florida, siku 4 na familia kwenda Cozumel au Bahamas: bleza, suruali ya giza, tai moja mfukoni kama mama akitaka picha.

Unapandia Dubai au Doha msimu wa baridi na wazee mmewachukua: waacheni wazee na kanzu zao na majoho yao, nyinyi vijana suti.

Ni maadhimisho ya ndoa na mnataka ile albamu: taksido, na muulize mama rangi ya gauni lake kabla hujachukua kitambaa cha mfukoni.

Norwegian, Celebrity au Viking: usinunue chochote. Shati zuri, suruali iliyopigwa pasi nyumbani, koti kama unalo.

Kijana wa miaka 14 na 15, usimnunulie suti, miezi sita imempita. Shati jeupe, suruali nyeusi ya shule na tai ya babake.

La mwisho ni viatu, manake hakuna aliyeniuliza hata mmoja na ndivyo vinavyoangusha watu. Viatu vyeusi vya harusi vilivyokaa kwenye boksi miaka mingi soli yake ya plastiki inakufa kimya kimya, juu vinang'aa kabisa. Kuna bwana mmoja alitembea kutoka mlangoni mpaka meza yangu, suti safi, mke kamshika mkono, nyuma yake kwenye zulia vipande vyeusi vimejipanga kama njia ya siafu, alipokaa soli ya kulia ilibaki chini. Nilimletea slipa za kabini kwenye trei nimezifunika na leso, akavaa chini ya meza bila watu kujua. Wewe siku tatu kabla ya safari vitoe, vivae, panda navyo ngazi za nyumbani mara tano, afu angalia sakafu. Ukiona unga mweusi, bado maduka yako wazi.